Meno ya Ndunge na Kadi ya Grafiki

Jumatano, 6 Novemba 2024

Haya, umerudi! Ulikuwa wapi wewe, Syokau? Tangu ndengu zivunwe hujafungua hiki kitabu. Kurasa zimeshikana kwa vumbi. Mwalimu wa gumbaru alituambia, sisi tulioshika kalamu mvi ikiwa tayari kichwani: andikeni kila siku, hata kama ni habari ya kuku. Ukaandika habari ya kuku mara mbili, ukapotea. Aibu! Msomaji wa hapa ni wewe peke yako, na hata wewe huji.

Sasa kaa chini. Ndunge amekufa.

Jumapili, hospitalini, wakati sisi tuko kanisani tunaimba. Hata kufa amechagua saa ambayo siwezi kumjibu. Mke mwenzangu! Mimi mwenyewe ndiye nilimwambia mume wangu Mulei amuoe, kwa sababu tulikua pamoja na alijua kucheka. Baadaye nikajuta miaka mingi, na sababu ilikuwa hiyo hiyo kucheka. Mulei alituacha zamani. Tukabaki sisi wawili na ugomvi wetu, na tulikuwa tunaishi nao vizuri sana.

Anazikwa Jumamosi ya wiki ijayo, kwa Mbaluka, mtoto wake wa kwanza, kule Matiliku. Na siku hizi mtu haendi kaburini bila picha. Kubwa, ya fremu, inabebwa mbele ya jeneza. Mbaluka amempa Mutanu kazi hiyo. Mutanu ni mjukuu wangu, ana studio ya picha hapa Mbumbuni, kando ya posho mill.

Shida ni moja. Picha za Ndunge zinazoonyesha uso wake mzima ni mbili tu. Ya kitambulisho — hapo anafanana na mtu aliyeshikwa na mbuzi wa wenyewe. Na ile ya siku akina mama wa kanisa tulifungua tangi la maji. Mchungaji alisema amina, akafungua bomba, maji yakatokea chini kwa tangi yakajaa kwa viatu vyake. Nikamnong'onezea Ndunge kitu juu ya hivyo viatu. Sitaandika nilichosema. Akacheka mdomo wote wazi! Meno yake yote ya kuchonga yako hapo, makali, mazuri. Picha zingine zote za maisha yake ameweka mkono mdomoni. Kama mimi. Sisi wawili kwa picha ni mikono na macho.

Nataka aende na hiyo ya tangi. Nimesema, na nimesema.

Lakini aliiweka kwa Biblia, na paa likavuja. Kuanzia pua mpaka kidevu kuna doa kama chai imemwagika. Mutanu akasema, usijali Susu — ndivyo anavyomwita nyanya yake — kuna programu mpya ya kurekebisha picha, unabonyeza batani moja, inaponya yenyewe. Akaiweka kwa kompyuta jana. Imefunguka, imemwangalia, imekataa! Batani imekuwa ya kijivu, haibonyezeki. Eti kadi ya grafiki haipatani nayo. Nikauliza hiyo ni nini. Ni kipande kiko ndani ya kompyuta, kazi yake ni hesabu za picha. Na chetu ni kizee.

Nikamwambia: kwa hivyo na hapo pia wazee hawatakikani.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mutanu amepigia Keinan. Keinan ni kijana Msomali wa Kwa Vonza anayeuza kompyuta zilizotumika. Amezaliwa hapa hapa, Kikamba chake ni kizuri kuliko cha watoto wa Mbaluka. Kwanza akanipa pole ya Ndunge, vizuri, na mama yake Ebla akachukua simu naye akatoa pole. Halafu kazi.

Anasema shida inaweza kuwa draiva. Hiyo ni programu ndogo inayoiambia kadi namna ya kufanya kazi. Weka mpya.

Mutanu akanunua bando, akangoja. Intaneti ya hapa inakuja kama maji ya mfereji — kidogo, halafu hewa tu. Mpaka nikamaliza kuchambua maharagwe ya kesho. Ikaingia. Akazima mashine, akawasha.

Nikauliza, imekubali?

"Susu, ilikuwa inasema haijui hiyo kadi. Sasa inaijua."

"Na inasema nini?"

"Inasema ni ya zamani sana."

Maendeleo hayo! Umetambulishwa kwanza ndio ufukuzwe vizuri.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Mutanu amefunga kompyuta kwa leso yangu akaenda nayo Kwa Vonza mpaka kwa Keinan. Nilibaki kulinda studio. Watu wawili walikuja wakitaka pasipoti saizi. Niliwaambia warudi wakiwa wamechana nywele.

Amerudi jioni amechoka lakini anacheka. Hadithi yake ni hii. Keinan alitoa kadi ya zamani, akaweka nyingine. Mpya kidogo — yaani nayo ilitumika na mtu, lakini si nyanya wa mtu. Kubwa kama mkate! Ikaingia, mfuniko wa kompyuta ukakataa kufunga. Wakauacha wazi. Halafu mashine ikakataa kuwaka, kwa sababu kadi inakula stima nyingi na kile kisanduku cha kugawa stima ni kidogo. Wakabadilisha kisanduku. Sasa kompyuta ya Mutanu, ile aliyonunua kwa nguvu zake, iliyobaki ya kwake ni ganda na vumbi.

Lakini ikawaka! Programu ikafunguka, batani ikatoka kijivu. Wakaijaribu kwa picha ya Ebla akiwa msichana Garissa, ikapona kabisa. Ebla aliilia, Mutanu anasema.

Nimeweka kompyuta mahali pake. Nikaifunika na kitambaa kile nilifuma Krismasi, cha maua ya njano, kwa sababu mfuniko uko wazi na vumbi la posho mill ni baya. Lazima kitu kizuri kifunikwe.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Kanisani wamemwombea Ndunge. Mchungaji ni yule yule wa viatu. Alisema marehemu alikuwa mama wa tabasamu. Nikataka kusimama nimuulize aliliona lini.

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Balaa! Mutanu amefungua picha ya tangi, akabonyeza batani, skrini ikawa nyeusi. Tii. Akaizima, akaiwasha, ikakubali, akabonyeza, nyeusi tena. Kila kitu kingine inafanya. Ikiguswa batani ya kuponya — giza.

Nikasema ni Ndunge huyo. Hakuwahi kutaka kupigwa picha.

Keinan kwa simu akauliza maswali kama daktari. Draiva ni ile tuliweka pamoja? Ndiyo. Waya wa skrini umechomekwa kwa kadi yenyewe, si ile shimo ya zamani? Ndiyo. Feni inazunguka? Inazunguka. Kuna joto? Mutanu akaweka mkono, akautoa haraka.

"Kuna kitu imefunikwa nacho?" Keinan akauliza. Simu ilikuwa kwa spika. Mutanu akaangalia kitambaa changu. Mimi nikaangalia barabara.

"Ni kitambaa ya Susu tu."

Kijana akacheka mpaka akakohoa. "Susu! Kompyuta si sofa! Hiyo kadi ikifanya kazi inapumua kwa hapo juu. Umeiziba pua!"

Nikamwambia kwetu mgeni anafunikwa vizuri. Akasema basi huyu mgeni ni wa kukaa uchi. Ashindwe! Lakini anajua kazi yake.

Kitambaa nimekipeleka nyumbani. Stima nayo imepotea kwa sababu ya mvua, kwa hivyo hatujui kama ni hicho tu.

Jumanne, 12 Novemba 2024

Imefanya! Stima imerudi, Mutanu akabonyeza, feni ikalia kama ndege ya serikali, na uso wa Ndunge ukaanza kusafika kidogo kidogo kuanzia juu. Paji la uso. Mashavu. Ile kovu ya kuni kwa nyusi. Nilishika meza. Nikamwambia, haya, toka huko, toka.

Halafu mdomo ukatokea.

Meno meupe! Yamepangwa sawasawa kama mahindi ya dukani! Meno ya msichana wa kutangaza dawa ya meno!

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Mutanu akasogelea skrini. Akarudisha nyuma, akabonyeza tena. Meno mengine, meupe zaidi. Tena — mdomo umefungwa, midomo ya rangi, kama anaenda mahojiano ya kazi. Tena — meno na pengo moja hivi, nikadhani inaanza kuelewa, kumbe pengo lenyewe liko mahali si pake.

Ndunge alikuwa na meno ya mbele ya kuchonga, ya juu, makali kama msumeno mdogo. Kama yangu. Enzi zetu msichana bila hayo alikuwa anaonekana kama mbuzi, hakuna mtu angemtazama. Mbaluka alinyonya kwa mama mwenye meno hayo.

Na huyo Mbaluka akaingia. Gari lake nje, simu mbili mkononi. Akaangalia skrini. Macho yakamjaa maji — nasema ukweli, yalijaa. "Mwaitu," akaniambia, maana mimi pia ni mama yake, "mwaitu, angalia vile mama amependeza."

"Nimeangalia. Sijamwona bado."

"Ni yeye."

"Ni nyusi zake. Kuanzia hapo kwenda chini ni mama wa mtu mwingine."

Akasema mimi napenda kusumbua. Ni kweli napenda, lakini si leo. Akamwambia Mutanu hiyo ya kwanza ndiyo itachapishwa, faili iende kwa mtu wa fremu kule mjini Wote Alhamisi kabla ya chakula cha mchana. Mutanu akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Masikini mtoto. Wiki nzima amepigana na kadi na programu zipatane. Sasa zimepatana, na zimepatana dhidi yetu.

Jumatano, 13 Novemba 2024

Asubuhi nimeenda Matiliku, nikamkuta Mbaluka akionyesha vijana pahali pa hema. Nikamvuta kando.

Nikasema: utabeba picha ya mgeni mbele ya jeneza la mama yako.

Akasema: mwaitu, watu watatoka Nairobi. Wakubwa wangu wa kazi watakuja. Unataka waone nini?

"Waone Ndunge."

"Hayo meno mama mwenyewe aliyaficha! Miaka yote! Nilipokuwa shule akija siku ya wazazi anaweka leso hapa. Mimi nimfunue leo mbele ya watu akiwa hawezi kujifunika?"

Hapo alinipata. Nikavua kitambaa cha kichwa nikajipepea, akaniuliza kama ni presha.

Sababu ni kweli aliyaficha. Mzee Kitheka alituchonga siku moja, mimi na yeye, kwa kipatasi kidogo na jiwe. Ukilia umeaibisha nyumba yenu. Ndunge alichongwa wa kwanza. Hakulia! Alipomaliza akaja akanishika mkono, damu bado kwa kidevu, akaniambia haiumi. Uongo mtupu! Nikakaa na huo uongo mpaka nikamaliza. Tukashuka mtoni tukicheka njia yote ili kila mtu aone.

Halafu dunia ikageuka bila kutuambia. Kanisani wakasema ni mambo ya giza. Kwa ofisi karani akaita mwenzake aje aone. Watoto wetu wenyewe, wakienda shule wakarudi na macho mapya. Hakuna siku tulikubaliana tuanze kufunika. Mkono ulipanda tu, na haukushuka. Siku ya tangi ndiyo ilimponyoka.

Sikumwambia Mbaluka haya. Nilimwambia: wewe ulikuwa unaona aibu, yeye akakusaidia kuibeba. Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema, sawa mwaitu, hata nikitaka hayo meno, yako wapi? Yameoshwa na mvua. Hakuna picha nyingine. Nimtoe wapi?

Nikarudi studio nikamuuliza Mutanu swali hilo hilo.

Ameeleza polepole, ameketi kwa stuli. "Susu, hii mashine haijawahi kuona meno kama yenu. Ilifundishwa na picha za watu wengine. Ikikuta doa inabahatisha, na inabahatisha mdomo wa watu wake."

"Basi iambie iache."

"Naweza kuiambia. Nazima ile kadi kwa programu, batani inarudi kijivu, nafanya kwa mkono kama zamani."

Yaani baada ya Kwa Vonza yote! Baada ya kadi kama mkate! Turudi kwa kijivu! Tukacheka kidogo, ile ya matanga.

"Lakini Susu, mkono wangu unabandika tu, hauwezi kubuni. Lazima nipate meno ya kunakili. Ya kweli. Yaliyochongwa hivyo hivyo."

Hakuniangalia uso. Aliangalia mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa mahali pake pa siku zote.

Nikasema naenda kulisha kuku.

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Niko studio, kwa benchi ya wateja. Nimekuja mwenyewe. Sijasema nimekubali. Nimekuja.

Mbaluka pia ako hapa, anachezea funguo za gari. Mutanu alimweleza. Akasema, "Mwaitu, hata ukifungua mdomo, mimi sijasema nitachapisha hiyo." Nikamwambia na mimi sijasema nitafungua. Kwa hivyo tumekaa vizuri, kila mtu na lake. Ile faili ya meno meupe iko tayari kwa kompyuta. Akibonyeza tu, inaenda Wote.

Tumejaribu tayari. Mutanu aliniweka mbele ya shuka nyeupe, akawasha ile taa yake ya mwavuli. "Susu, cheka." Ni nani anacheka kwa kuamriwa? Nikafungua. Taa ikapiga. Tukaangalia: mkono! Sikujua nimeuinua, naapa. Nikaukalia huo mkono. Taa ikapiga. Ni ule mwingine! Mbaluka akakohoa, nikajua ni kicheko anameza.

"Cheka usikohoe," nikamwambia. "Hata mama yako angecheka."

Akaangalia pembeni. Halafu akauliza, sauti chini, kama kijana wa shule: siku ile ya tangi, ulimwambia nini mpaka akacheka hivyo?

Sijamwambia mtu. Ni maneno ya kipumbavu, juu ya viatu na mchungaji na bata. Lakini ameuliza. Na mtoto huyu hajawahi kuniuliza kitu cha mama yake tangu awe na gari.

Nikamwambia niandike kwanza. Anadhani naandika sala.

Mutanu amezima ile kadi kwa programu. Feni imenyamaza, unasikia posho mill tu. Kwa skrini Ndunge anangoja, nyusi zake, mashavu yake, na hapo chini doa limerudi, halina mdomo. Mbaluka amevuta stuli karibu na yangu. Ameweka funguo mfukoni. Anasema, haya mwaitu, viatu vya mchungaji.

Mutanu ameinua kamera. Ananiita.

Wewe Syokau, ukirudi hapa, usikae mpaka ndengu zingine zivunwe. Njoo Jumapili jioni, tukitoka Matiliku, uandike ni mdomo wa nani ulitangulia jeneza. Na usinijie na mkono umeinuliwa.